Samaki Mmoja, Picha Mbili: Kumtambua Sikilidi Nyuma ya Kioo

Jumapili moja asubuhi mtoto wa dada yangu, anayekaa mtaa wa Panzi, alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ilikuwa ya samaki mweusi, ubavu unang'aa wekundu kama kaa la moto, na kwenye pezi la chini ana madoa matatu ya rangi ya chungwa. Ya pili ilikuwa ya samaki wa kijivu, milia hafifu ikishuka ubavuni, mapezi ameyakunja. Chini yake akaandika: "Mama mdogo, huyu mweusi namjua, lakini huyu wa kijivu ameingia lini humu?" Nikamwuliza ana samaki wangapi. Sita. Nikamwambia awahesabu tena. Sita. Alikuwa amempiga picha samaki yule yule mara mbili: jioni akiwa bwana wa tangi, asubuhi akiwa amefukuzwa na mwenzake kona hadi kona.

Swali la namna hiyo nimelisikia mara nyingi tangu nianze kufuga samaki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Watu huanza na rangi kwa sababu rangi ndiyo iliyowavuta, na mimi ndivyo nilivyoanza. Lakini kwa samaki hawa rangi ni habari ya saa ile tu. Inakueleza samaki yuko katika hali gani, amekula nini, ana umri gani, na taa gani inammulika. Jina lake utalipata kwenye umbo la mwili wake na mahali alikotoka. Kwa hiyo picha ninayoitafuta mimi ni ile inayoonyesha mwili waziwazi na isiyodanganya juu ya mwanga. Ikipendeza macho pia, nashukuru.

Samaki tunaowazungumzia ni wa familia ya Cichlidae, nami nitawaita sikilidi. Aliyewahi kula tilapia amekwisha kutana na ukoo huu. Katika maziwa yetu makubwa ukoo huo umezaa matawi kuliko samaki wengine wote: Tanganyika peke yake ina spishi zaidi ya 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Kivu, ziwa letu, lina wachache. Mtafiti Mbelgiji Jos Snoeks alipowapitia upya mwaka 1994 alipata spishi 15 za jenasi ya Haplochromis ambazo ni za Kivu tu. Maji yanayotoka Kivu hapa Bukavu hushuka na mto Ruzizi mpaka Tanganyika karibu na Uvira, lakini samaki wa juu na wa chini ni wa dunia mbili tofauti. Mtu wa Bukavu anaweza kuwa na wote nyumbani: wa Kivu kutoka kwa watoto wanaovua kwa ndoana ufukweni, wa Tanganyika kutoka Uvira, waliopanda mlima ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Hapo ndipo mkanganyiko huanza.

Tuanze na rangi yenyewe, maana ukijua imetengenezwa na nini hutashangaa tena inapobadilika.

Ndani ya ngozi ya samaki mna seli zenye matawi, kama nyota. Zile za weusi zimebeba chembe za melanini. Chembe zikijikusanya katikati ya seli, samaki hupauka. Zikitawanyika hadi kwenye ncha za matawi, hukolea. Kazi hiyo inaamriwa na neva na homoni, na inaweza kumalizika kwa sekunde au dakika chache. Ndiyo maana samaki aliyetoka kwenye mfuko wa safari ana rangi ya majivu, na ndiyo maana ukiwasha taa ghafla usiku wa manane utawakuta wote wamefifia. Bukavu kuna sababu nyingine ya ziada, baridi. Umeme ukikatika usiku kucha na kipasha maji kikazimika, asubuhi samaki wa Tanganyika, aliyezoea nyuzijoto 25 au 26, anakuwa mnyonge na rangi yake inakwenda naye. Siku kama hiyo simpigi picha mtu.

Manjano na wekundu hutegemea sana chakula. Sehemu kubwa ya rangi hizo ni karotenoidi, ambazo mwili wa samaki hauwezi kuzitengeneza, lazima azile. Nina Neolamprologus leleupi, samaki mwembamba wa mwambani mwenye manjano ya embe bivu. Niliwalisha chakula kikavu cha bei rahisi kwa muda wa miezi miwili, wakawa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipowarudishia wadudu wa maji, manjano yakarudi polepole, yakianzia kichwani. Mtu aliyewaona katikati ya kipindi kile angeapa kwamba ni spishi nyingine.

Buluu ni jambo jingine kabisa. Kwa karibu samaki wote wenye buluu hakuna wino wa buluu ngozini. Kuna seli zenye fuwele nyembamba za guanini zilizopangana kama vioo vidogo, na mpangilio huo ndio unaorudisha mwanga wa buluu kwenye jicho lako. Sogea hatua moja pembeni, buluu inageuka kijani, au inatoweka. Jaribu na samaki aliyetulia: simama mbele yake, kisha inama taratibu kuelekea kushoto, macho yako yasimtoke. Utaona doa la buluu kwenye shavu linazimika kama taa. Kwa hiyo mtu anayesema "wangu ni wa kijani, wako ni wa buluu, basi ni spishi mbili" huenda anaeleza tu alikosimama.

Halafu kuna cheo. Katika sikilidi wengi wanaobeba mayai mdomoni, dume mwenye himaya huvaa rangi zote, na dume asiye na himaya hujivika rangi ya jike ili asipigwe. Astatotilapia burtoni wa Tanganyika amechunguzwa sana maabara kwa ajili hiyo. Dume mtawala ana mstari mweusi mkali unaoshuka kutoka jichoni. Akishindwa, mstari unafutika ndani ya dakika, na akipata nafasi ya kutawala unarudi. Samaki wa mpwa wangu alikuwa ametoka kwenye kiti cha enzi, basi. Yale madoa ya chungwa kwenye pezi la chini ni alama nyingine ya Haplochromis na jamaa zake wa karibu. Mwaka 1962 Wolfgang Wickler, mtafiti Mjerumani, alipendekeza kwamba madoa hayo ni mfano wa mayai: jike aliyekwisha kuokota mayai yake mdomoni huyafuata madoa hayo, na hapo mbegu za dume huyafikia mayai. Madoa hayo ni ya kudumu kuliko rangi ya mwili, kwa hiyo yapigie picha vizuri, ingawa idadi yake hutofautiana kati ya ndugu na ndugu.

Umri nao unabadilisha sura. Tropheus duboisi wa Tanganyika, aliyepewa jina na Georges Marlier mwaka 1959, akiwa mtoto ni mweusi mwenye vidoti vyeupe mwili mzima, mzuri wa kuvunja moyo. Akikua vidoti vinafutika, kichwa kinakuwa cha buluu na mkanda mpana mweupe au wa manjano unamzunguka kiunoni. Mama mmoja wa mtaa wa Nguba alinunua vitoto vinane kwa sababu ya vidoti, na baada ya mwaka akadhani kuna mtu ameingia ndani akambadilishia samaki. Nilimhurumia kwa kweli. Aliyemwuzia hakumwambia neno.

Sasa mwanga, mwongo mkubwa kuliko wote.

Katika ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, kuna samaki wa jenasi ambayo jina lake ni Kiswahili kitupu: Pundamilia. Mmoja, Pundamilia pundamilia, dume wake ana rangi ya buluu na kijivu. Mwingine, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike wa spishi hizo mbili wanafanana sana, na kila jike hutambua dume wa kwao kwa rangi. Watafiti Ole Seehausen na Jacques van Alphen waliwaweka majike hao maabara na kuwapa wachague. Chini ya taa nyeupe walichagua dume wa spishi yao. Chini ya taa ya chungwa, iliyofanya madume wote waonekane sawa, waliwaendea hata wa spishi nyingine. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ndani ya ziwa lenyewe, palipo na maji machafu yasiyopitisha mwanga, rangi za madume ni hafifu na spishi ni chache. Jike uzao wake wote umo katika uchaguzi huo, na bado anakosea akinyimwa mwanga. Sembuse simu, ambayo kila picha inajiamulia yenyewe nyeupe ni ipi.

Taa nyingi za akwariamu zinazouzwa leo zina buluu nyingi ili samaki wavutie dukani. Simu inaona buluu hiyo, inajitahidi kuisahihisha, na katika kusahihisha inaongeza manjano ambayo samaki hana. Ndipo unapopata picha mbili za tangi moja zisizofanana.

Mimi napiga usiku, baada ya saa mbili, watoto wakilala. Nazima kila taa sebuleni na kufunga pazia, nabakiza iliyo juu ya tangi tu, kwa sababu kioo kinaonyesha chochote chenye mwanga zaidi ya kilicho ndani. Simu naizungushia kitambaa cheusi kilichotobolewa tundu la lenzi. Kioo nimekwisha kukisugua mchana, ndani na nje, maana alama moja ya kidole inaweza kukaa juu ya jicho la samaki usiione mpaka kesho. Pampu naizima robo saa ili vumbi litue, na siku hiyo siwapi chakula.

Ndani ya maji natumbukiza kifuniko cheupe cha ndoo, nakisimamisha kwenye mchanga mahali samaki wanapopenda kupita. Kifuniko hicho ndicho shahidi wangu. Kikitoka cha buluu kwenye picha, najua samaki naye amepakwa buluu, na ninaweza kurekebisha picha mpaka kifuniko kiwe cheupe. Rangi ya samaki nayo inakaribia ukweli. Taa ninayoitumia ni nyeupe ya kawaida. Ninayo pia ya volti 12 inayotumia betri ya sola, na hiyo imenisaidia kuliko nilivyotegemea. Taa za bei rahisi za umeme wa ukutani hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukipiga kwa kasi zaidi ya hapo picha inatoka na michirizi ya giza. Taa ya betri mara nyingi haina tabia hiyo, basi naweza kwenda mpaka sehemu ya 1/200 ya sekunde, kasi inayotosha kumkamata samaki asiyekimbia.

Lenzi iangalie kioo moja kwa moja. Ukipiga kwa mshazari, mwanga unaotoka majini kuingia hewani unapinda, kingo za samaki zinatoka na vivuli vya rangi na mwili wake unarefuka au kufupika. Hata ukitazama wima maji yanadanganya umbali: samaki aliye sentimita 20 nyuma ya kioo anaonekana kana kwamba yuko 15. Ukimpima kwa rula iliyoshikwa nje, umemkosea. Rula iingie majini, karibu na njia yake.

Kwenye simu yenyewe, acha kuvuta picha kwa vidole, sogea. Gusa jicho la samaki na ushikilie mpaka umakini ufungwe. Zima hali ya usiku, kwa kuwa inaunganisha picha kadhaa kuwa moja na samaki hakungojei. Zima pia virembesho vya rangi. Piga nyingi mfululizo, hamsini kwa ajili ya moja. Na ukimtumia mtu akusaidie kumtambua, itume kama faili, maana ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana, na vitu vya kwanza kupotea ni magamba na miiba, vile vile unavyovihitaji. Ubavu unaopendelewa ni wa kushoto, kichwa kikielekea kushoto. Ndiyo desturi ya wataalamu wa samaki, na inafanya picha za watu tofauti zilinganishwe bila kuzigeuza.

Asiyetulia kabisa, ninacho kitangi kidogo ambacho fundi wa vioo alinigandishia kwa silikoni, kirefu kama kiganja na chembamba. Nakijaza maji ya tangi kubwa, namweka samaki, na kipande cha kioo kisichogandishwa kinamsogeza polepole mpaka mbele. Dakika moja, basi, arudi kwake. Jike mwenye mayai mdomoni simgusi hata picha ikihitajika vipi. Akitishika anaweza kuyatema, na wiki zake za kufunga kula zikapotea bure.

Picha ikipatikana, anza na pua. Sikilidi ana tundu moja tu la pua kila upande, ambapo samaki wengi wana mawili. Kisha fuata mstari wa ubavu, ile safu ya vitundu kwenye magamba: kwa sikilidi umekatika vipande viwili, cha mbele kikipita juu na cha nyuma kikiendelea chini kidogo. Baada ya hapo nenda kwenye pezi la chini karibu na mkia, uhesabu miiba migumu kabla ya zile nyuzi laini. Haplochromis wana mitatu. Neolamprologus na Julidochromis wa Tanganyika wana zaidi ya mitatu, na Tropheus vilevile. Kuhesabu huku kunachukua nusu dakika na kunamaliza ubishi ambao rangi ingeuendesha mwezi mzima. Mdomo unafuata. Tropheus ana mdomo mpana ulioelekea chini, wa kukwangua mwani juu ya mawe, na Neolamprologus leleupi ana mdomo mdogo wa kuchokonoa wadudu kwenye nyufa.

Kuna mahali ambapo magamba tu ndiyo yanayoamua. Cyphotilapia, samaki mkubwa wa Tanganyika mwenye milia mipana na nundu ya kipaji, alijulikana kwa miaka mingi kama spishi moja, frontosa. Mwaka 2003 samaki wa kusini walitengwa wakaitwa gibberosa. Kati ya vipande viwili vya mstari wa ubavu frontosa ana safu mbili za magamba, gibberosa tatu. Picha ya rangi nzuri iliyofifisha magamba haikusaidii chochote hapo.

Wala hii haikuanza na sisi wenye matangi. Boulenger, mtaalamu wa samaki aliyemwelezea Tropheus moorii mwaka 1898, alifanya kazi London akiwa na samaki waliohifadhiwa, waliokusanywa na msafiri Moore. Wekundu na manjano ya samaki hufutika katika alkoholi, weusi hubaki. Ilimbidi ahesabu miiba na magamba na kutazama meno, na majina yale bado tunayatumia.

Linabaki jambo la mahali, nami nalipa uzito sawa na mwili. Tropheus hukaa kwenye miamba yake na hawapendi kuvuka mchanga. Kila kipande cha mwambao kimefuga sura yake: weusi wenye mkanda wa chungwa wa Bemba upande wetu wa Kongo, na wengine wa mkanda wa manjano, wekundu, kahawia, mwendo wa kilomita chache tu. Jina la kisayansi peke yake halitoshi, ndiyo maana wafugaji huandika jina na kijiji. Samaki asiye na kijiji amepoteza nusu ya jina, na hakuna kamera itakayoirudisha.

Nililijifunza hilo kwa uchungu. Nilinunua Tropheus kumi na wawili kwa jina moja, nikawaweka pamoja. Baada ya miezi kadhaa jike akatoa watoto saba, na walipokua hawakufanana na mama wala na dume yeyote niliyemdhania baba. Nilipomfuatilia mwuzaji, alikiri kwamba walitoka vijiji viwili na akawaunganisha ili kujaza mfuko. Wale saba ninao hadi leo, wazima na wakorofi kama Tropheus wengine. Sitawagawa wala kuwauza, na ziwani hawatakwenda kamwe. Kivu imekwisha kupokea wageni wa kutosha kutoka Tanganyika: sambaza, dagaa tunaowala, waliletwa makusudi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2006 akagunduliwa Lamprichthys, yule mrembo wa vidoti vya buluu. Spishi 15 zisizo na kwao kwingine zinatosha kumfanya mtu aogope kumwaga ndoo.

Mpwa wangu nilimwambia arudie. Kifuniko cheupe, taa za sebuleni zizimwe, ubavu wa kushoto. Jioni ile akatuma picha ya yule wa kijivu, safi kuliko nyingi zangu. Tukahesabu kwa pamoja kwenye simu: miiba mitatu, mstari wa ubavu umekatika, tundu moja la pua. Nikamwuliza alimpata wapi. Akasema kwa mtoto aliyekuwa anavua Nguba, chini ya mawe. Tukaandika: Haplochromis, dume, Ziwa Kivu, Nguba, taa nyeupe, ameshindwa. Kwenda mbele zaidi kungehitaji meno yake chini ya darubini, na samaki bado anayatumia.

Siku mbili baadaye ikaja picha nyingine bila maneno. Kifuniko cheupe kilikuwa pale pale nyuma yake, na weusi ulikuwa umeanza kurudi, kutoka kichwani kwenda mkiani.